Jeneza Jepesi

Mheshimiwa alipokuja kuzindua kisima kilekile kikavu kwa mara ya tatu, hakusikia kigelegele hata kimoja. Watu walitokea barabarani kimya wamebeba jeneza, limefunikwa kanga zenye picha yake, zile alizowagawia wakati wa kura.

Kwa desturi ya mji ule, jeneza likipita kila mwanamume hutia bega. Mheshimiwa akashuka garini, akatia lake mbele. Lilikuwa jepesi mno.

“Nani amefariki?” akanong'ona.

Shekuwe, mchimba makaburi, hakumtazama. “Twende tu, mheshimiwa. Kipimo tulichukua ulipokuja mara ya pili.”

Akageuka kuwatafuta walinzi wake. Walikuwa nyuma, wamevua kofia, wanangoja zamu yao ya kubeba.