Springi ya Kushoto

Ochola, fundi wa magari hapa Makongeni, alizilaza juu ya gunia springi mbili alizozitoa kwenye gari langu. Ya kulia, upande wa dereva, ilikuwa imebonyea. Ya kushoto ilisimama kama mpya.

Nilikuwa nimemwambia anitafutie springi laini, maana mama watoto analalamika mgongo. Na ekzosi ya kimya, bomba la moshi lisilopiga kelele, tuweze kuongea paa likiwa wazi. Gari lenyewe ni la viti viwili tu. Niliuziwa na Mzungu aliyekuwa bosi wetu kule reli alipokuwa anarudi kwao.

Ochola alizitazama springi, kisha akanitazama mimi.

"Mzee, hiki kiti kingine hakikaliwi."

Nikajipapasa mifuko kama mtu anayetafuta sigara.

"Mama watoto alirudi kwao Kitui," nikasema. "Hata gari hili hajaliona. Weka tu ekzosi ya kelele."

Ochola alizirudisha springi zile za zamani, akakaza nati, akafuta mikono kwa kitambaa. Kisha akafungua mlango wa kushoto, akaketi.

"Washa, tuzunguke mpaka Jogoo Road," akasema. "Tukirudi ndio tuchague springi na ekzosi."

Gari liliinama upande wake. Nikabaki nimesimama na ufunguo mkononi, nikilitazama.