Zamu ya Kipketer

"Usiniangalie mimi," Nuria alisema. "Angalia vifaa."

Kipketer akageuka haraka, kioo cha usoni kikiwa kimejaa ukungu. Alikuwa daktari kijana, bado akijifunza kazi ya usingizi, na ndani ya yale mavazi ya plastiki alionekana mkubwa kuliko alivyokuwa. Akahesabu upya: mpira wa kupumulia, chuma chenye taa, mfuko wa hewa. Vyote vilikuwepo.

Vingekosekanaje? Korona ilipoanza kutajwa redioni na watu wa Nakuru wakisema itaishia huko huko ng'ambo, Nuria alikuwa tayari anazunguka ofisi za hospitali akidai glavu, mavazi na mashine kama mtu aliyeibiwa. Yeye ndiye aliyekuwa daktari mkuu wa usingizi hapo, na sheria zote za chumba hicho alizitunga yeye. Mlango usifunguliwe mpaka mpira uingie kooni mwa mgonjwa. Mwenye uzoefu zaidi ndiye auweke. Na mgonjwa asiitwe kwa nambari ya kitanda. Kabla ya kulala asikie jina analoitwa na watu wa mtaani kwake.

Mgonjwa wa siku hiyo alikuwa Mama Jalal wa mtaa wa Section 58. Mapafu yake yalikuwa yamechoka, na bila mpira huo hangeiona jioni. Hakuna aliyemjua mama huyo kuliko Nuria. Alijua kwamba koo lake ni jembamba na meno yake ya mbele yamejitokeza, mambo mawili yanayowatoa jasho watu wa kazi hii. Alijua pia kwamba ana mtoto wa miaka sita, ambaye kila mara alimpigia simu nesi Emmy kuuliza mamake anarudi lini.

Chumba kilikuwa na joto. Barakoa ilimbana Nuria mpaka mfupa wa pua ukauma. Tangu alfajiri hakuwa ameonja hata tone la maji, na jasho lilimwingia machoni akaliacha. Mlango ulikuwa hapo karibu, umezibwa kwa utepe pande zote. Alitamani kuubandua ule utepe, atoke mbio mpaka barabarani, avute hewa kama watu wengine. Alizichukia sheria zake zote, moja baada ya nyingine.

"Dokta," Kipketer alisema, "kwa sheria yako, hii ingekuwa kazi yako."

"Njuguna je?" Huyo ndiye aliyekuwa daktari mwingine wa usingizi.

"Bado yuko kwake Kiamunyi. Homa haijamwachilia."

"Basi ni wewe."

Kipketer hakubisha. Baada ya majuma ya zamu za kufululiza, mikono ya Nuria ilikuwa ikitetemeka, na wote chumbani waliiona.

Kijana huyo hakuwahi kumwekea mgonjwa mpira bila mkubwa wake kumshikia mkono. Alikuwa amefanya mazoezi kwa sanamu ya plastiki, akaivunja jino. Idara nzima ilimcheka, na Nuria ndiye aliyecheka zaidi. Sasa alijuta kila kicheko. Aliogopa, aliogopa kweli kweli, na hakutaka Kipketer aione hofu hiyo.

"Oksijeni ni ngapi?" aliuliza.

Kipketer akatazama mashine. "Themanini."

"Sema ukweli."

"Sabini na sita, Dokta."

"Basi usingoje tena." Nuria akapumzika kidogo. Chini ya ile barakoa kila neno lilimchosha. "Hayo meno usiyaegemee, si ya sanamu. Ukikosa mara ya kwanza, usilazimishe. Mpe mgonjwa hewa kwanza."

"Na nikikosa mara ya pili?"

Nuria alikumbuka maandalizi yake yote. Alikuwa ameandaa mavazi, akaandaa dawa, akaandaa mpaka utepe wa mlango. Mtu wa kushika nafasi yake hakuwahi kumwandaa. Ujinga ulioje, alijiambia.

"Hutakosa," alisema, na yeye mwenyewe akajilazimisha kuamini.

Emmy akaleta sindano mbili, ya usingizi na ya kulegeza misuli. Kipketer akasimama upande wa kichwa cha kitanda. Alivuta pumzi ndefu, mabega yakashuka, na kwa mara ya kwanza siku hiyo vidole vyake vikatulia. Akamwashiria Emmy aanze, kisha akainama.

"Mama Jalal," aliita, kwa upole ambao hakuna aliyemfundisha. "Dawa itachoma kidogo. Ukiamka utatupata hapa."

Pale kitandani, Nuria akahisi moto ukipanda mkononi mwake.