Moshi wa Jumanne

Kila Jumanne asubuhi Soipan alichukua kuni zake kavu, akazimwagia maji.

Kisha aliondoa sufuria kwenye jiko jipya lenye bomba la moshi, akaibandika juu ya mawe matatu kama zamani. Mara nyumba ikajaa moshi. Machozi yakamchuruzika. Daktari wa Kajiado alikuwa amemwonya kuhusu kifua chake, lakini bibi huyo alizidi kupuliza.

Phylis, msichana wa mradi wa majiko, alifika akiwa na vumbi hadi magotini. Mwaka 2003, mradi ulipoanza kujenga majiko haya, alikuwa akiletwa na gari. Siku hizi alitembea kutoka barabara ya Namanga.

"Takwenya, koko!" alimwamkia bibi kwa Kimaasai.

"Iko," Soipan aliitikia. "Ingia, mtoto wangu."

Phylis aliweka kipimo chake cha moshi juu ya kigoda, akakohoa.

"Koko, tena? Ukipikia kwenye hili jiko jipya, hewa ya nyumba inakuwa safi na kuni zinapungua. Kuni zikipungua, miti inabaki, na ile hewa chafu inayopandisha joto la dunia pia inapungua. Kazi ni hiyo hiyo moja."

"Mimi nasahau. Si utarudi uniambie?"

"Nitarudi. Siwezi kukuacha na moshi hivi."

Wakanywa chai. Phylis alisimulia habari za chumba alichopanga Kitengela, kwenye ploti ya vyumba vya kukodi ambako watu walihamahama na hakuna jirani aliyemjua hata kwa jina. Alikula ugali, akaongezwa, akala tena. Jua liliposhuka aliinuka polepole, kama mtu asiyetaka kuondoka.

Alipokwisha kwenda, Soipan alizima moto wa mawe na kufungua mlango wote. Rebecca, mke wa mwanawe, akaingia kutoka nyumba ya pili akipepea moshi kwa leso.

"Mama, utakufa! Kama unataka mtu wa kuongea naye, si mimi niko hapa? Wajukuu si wanalala kwako?"

Soipan alirudisha sufuria kwenye jiko jipya.

"Na huyo msichana anakudanganya. Mwanao Leshan ametoka Kitengela leo. Anasema mradi ulifungwa mwaka jana, wafanyakazi wakafutwa wote. Hakuna mtu anayemtuma huku."

"Najua," Soipan alisema, akifuta macho. "Huko Kitengela hana hata wa kumwita jina. Na wewe ukimwambia kwamba najua, tutakosana."