Simbilisi wa Msibani

Tusekile aliinama jikoni kwa Mama Lugano, akiwazoa simbilisi, wale wanyama wadogo wa kufugwa wasio na mkia, na kuwatia tengani. Walikuwa arobaini na ushee, wamenyonyoka manyoya, kucha zimepinda. Wawili wa kwanza aliwaleta mwenyewe kumfariji Mama Lugano alipofiwa na mumewe, akiapa wote ni majike.

"Mbona hukuniita mapema, shoga?"

"Zawadi ya msiba hairudishwi, mwenzangu. Na mgongo huu, majani ningeyakata vipi?" Mama Lugano akashusha sauti. "Eti mtaani wanasema nanuka. Nani kaanzisha, wewe unayejua ya kila mtu?"

Tusekile, aliyeyaanzisha maneno hayo bombani huku akicheka, alijitia kufunga tenga. Kamba ikamteleza. Kwenye tundu pua ndogo ikachomoza, ikamnusa vidole, kimoja kimoja.