Povu Kwenye Nati

Dionizi alipaka povu la sabuni kwenye nati ya mtungi wa gesi, ndani ya buti la Corolla kuukuu, akainama kuangalia.

Jana ndiyo alimaliza kulitengeneza gari hilo. Lilikuwa linakosa nguvu kila likihama kutoka petroli kwenda kwenye gesi, akarekebisha mchanganyiko wa gesi na hewa mpaka likanguruma vizuri. Leo mwenye gari, mama mwalimu wa hapo Kawajense, alipita kushukuru tu, akielekea msibani Usevya. Ni Dionizi aliyesikia harufu ya gesi, akamwomba azime injini.

"Fundi, tunachelewa kuzika," mama huyo alisema kutoka kwenye usukani. Nyuma yake watoto wake wawili waligombania dirisha.

Kwenye povu kikachomoza kiputo kidogo kama punje ya mchele. Kikavimba taratibu, kikang'aa, kikapasuka. Kikaja kingine. Pembe za nati, aliyoifungua jana na kuirudisha, zilikuwa na mikwaruzo mipya ya spana yake mwenyewe.

Angeweza kuikaza kimyakimya, mama aende zake bila kujua. Akasikia funguo zikicheza.

"Mama, usiwashe!" Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyotaka. "Shusha watoto, waende kule barabarani."

"Si ulisema imepona?"

"Gesi inavuja. Nati sikuikaza vizuri. Kosa ni langu."

Mama akawashusha. Dionizi akafunga koki ya mtungi.

"Jana jioni niliwazungusha hawa watoto mji mzima na hii gari," mama alisema nyuma yake.

Dionizi akachukua spana bila kugeuka.

"Anza upya, fundi. Nasimama hapa hapa, nakuangalia."