Geji ya Bibi Domitila

Yotham aliomba spana. Babamkubwa Mazengo akampa plaizi.

"Fundi," akauliza Bibi Domitila, "huyu msaidizi wako kasomea wapi?"

"Bado anajifunza, Bibi," Yotham akajibu, jasho likimtoka, na hapo wamesimama mlangoni mwa chumba cha baridi cha zabibu.

"Kwa mvi zile? Basi hajachelewa."

Ovaroli ya kuazima ilimbana mzee kama gunia lililoshindiliwa. Lakini ni yeye, mshenga wa Yotham, aliyeng'ang'ania kuja. Nyumba ikijua mshenga anafika, alisema, hufagiwa mpaka darini. Yeye alitaka kuiona siku ya kawaida, asijulikane. Akiikataa, Yotham na Violeth, mjukuu wa Bibi, waagane. Alishakataa binti mmoja kwa sababu tu kwao hawakumkaribisha hata maji.

Kwa bahati, asubuhi ile Bibi akapiga simu: geji ya presha ya mtambo wa baridi imevunjika tena. Tena! Na iliyokuwepo bado mpya.

Yotham akafunga valvu, akaifungua geji taratibu. Kioo kilikuwa kimevunjikia ndani, na kwenye ufa umenata unga wa karanga. Akaupuliza. Akazungushia tepu kwenye nyuzi za kufungia za geji mpya, akakaza, akapaka povu la sabuni aone kama gesi inavuja. Haikuvuja. Mshale ukapanda, ukatulia.

Mzee hata hakuutazama. Alikuwa akichungulia mtungi wa maji, mara masufuria, mara Violeth anayepanga makreti ya zabibu.

"Msaidizi, umepoteza kitu jikoni kwangu?"

"Hapana, mama. Naangalia... nyaya."

"Nyaya za ndani ya sufuria?"

Violeth akajifunika uso kwa kanga. Yotham akajua mambo yameharibika.

Mara mkeka ukatandikwa. Ukaja ugali, mlenda wa karanga, na jogoo aliyechemka mpaka nyama inaachia mfupa. Mzee akala hadi akafungua vifungo vya ovaroli, kisha akamkonyeza Yotham. Amekubali!

Bibi Domitila akachota firigisi. Akampita fundi, akaiweka kwenye sahani ya msaidizi.

"Karibu kwetu, Mzee Mazengo," alisema. "Violeth alishanitajia mshenga. Ile geji ya kwanza niliigonga kwa mwiko ili uje, kijana akaja peke yake. Safari hii nikaona nitumie mchi."