Jina Ubavuni mwa Gari

Karani alichovya brashi katika rangi nyeupe, akauliza tena, "Gari la nani, bibi?"

"La baba yake huyu," nikasema, nikimwonesha mwanangu mgongoni.

Waliojipanga nyuma na magari yao ya punda wakacheka. "Mwandikie hivyo hivyo, karani! Baba Yake Huyu!"

Amri ya Mdachi ilikuwa mpya: gari lisilo na jina la mwenyewe ubavuni halifiki bandarini Kilindoni. Na mwenyewe akiwa hayupo kisiwani, gari halitembei mpaka arudi.

Mume wangu alichukuliwa upagazi bara, Mdachi alipopigana vita na watu wa huko. Wenzake walisharudi, wala hakuna aliyeniletea hata salamu zake. Nazi nikawa nazisomba mwenyewe kwa gari lake, tukala.

Karani akainama, akaninong'oneza, "Taja jina lako, mwanangu. Mambo yaishe, upite."

"Akitaja lake, kashamzika mumewe," akasema mama mmoja nyuma yangu, si kwa ubaya.

Tone la rangi lilidondoka ubaoni, likateremka polepole. Ubao ule mume wangu aliupiga randa kwa mkono wake, na bado ulikuwa laini. Nikaugusa kwa kiganja.

Tangu anioe sikuwahi kulitamka jina lake. Kwetu mke halitamki. Nilimwita "wee bwana," naye akiitika kwa kucheka.

"Mbaraka," nikasema. Sauti ilinitoka kubwa kuliko nilivyodhani. "Andika Mbaraka."

Kisha nikaanza kumfungua punda.